Shajara ya mradi: sauti za Baba, daftari zake za milima na picha alizopiga

Jumamosi, tunaanza

Basi tumekubaliana kwenye familia kwamba vitu vya Baba havikai tena kwenye maboksi vikisubiri siku ya kutulia, manake siku ya kutulia haijawahi kufika nyumba hii na kaseti hazimsubiri mtu. Mimi ndo nimepewa kazi ya kuvigeuza vyote viwe faili, na naandika hapa ili ndugu zangu wajue nimefika wapi, nimeamua nini na kwa nini.

Vilivyopo ni boksi la kaseti, nyingine alirekodi mwenyewe nyingine alinasa kwenye redio, santuri chache, daftari za jalada gumu za safari zake za porini na milimani, ramani zilizokunjwa mpaka mikunjo imetoboka, bahasha za negativu, na gitaa lisilo na uzi wa tano.

Kwa ambaye hakumjua, Baba alikuwa mtu wa muziki na mtu wa nje, na hivyo viwili kwake havikuwa vitu tofauti. Alipiga gitaa na kinanda cha mdomo, aliimba besi, na akienda kupiga kambi alibeba hema na redio kaseti pamoja, mzigo ambao Mama alikuwa anautazama tu anatikisa kichwa. Na hakwenda peke yake kama angeweza kutuchukua. Alitubeba wote, aliyekuwa hajajua kutembea alikaa mabegani, aliyejua kidogo alishikwa mkono, aliyejua zaidi alipewa dira aongoze.

Sitaki kutengeneza kitu cha kumsifu. Sifa zilisomwa siku ya mazishi na zilikuwa nzuri, nilizipenda. Ninachotaka sasa ni kwamba mjukuu ambaye hakuwahi kumwona, siku akiwa mtu mzima, aweze kumsikia akiongea kawaida, akisafisha koo kabla ya kuimba, akimwita mtu aje ashike kamba ya hema. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba hakuna kinachotupwa kabla hakijasikilizwa pande zote mbili mwanzo hadi mwisho, hata kama juu kimeandikwa "tupu".

Jumapili, mashine

Redio kaseti yake ipo lakini belti za ndani zimegeuka lami, ukizigusa zinabaki vidoleni, ndivyo unavyokuwa mpira wa mashine nyingi za zamani. Nimeiweka pembeni, hiyo itatengenezwa kwa ajili ya kumbukumbu tu. Ya kazi nimeazima deki nzuri kutoka kwa rafiki wa familia.

Kabla ya kaseti yoyote kuingia nasafisha hedi, kile kichuma kinachosoma sauti kwenye utepe, kwa spiriti ya isopropili na vijiti vya pamba, afu kile kiringi cha mpira kinachovuta utepe, afu naacha vikauke kabisa. Hedi ikiwa chafu inameza kwanza sauti za juu, yaani zile zile ambazo kwenye hizi kaseti ni chache na ni za thamani. Nawaomba ndugu zangu wenye kaseti nyingine huko kwenu msizijaribu kwenye redio yoyote mtakayoiona, zileteni.

Kitu kingine, kwenye mgongo wa kaseti kuna vimeno viwili vya plastiki. Ukivivunja mashine haiwezi kurekodi juu yake. Nimevivunja vyote kwenye zile ambazo Baba alirekodi mwenyewe kabla hata sijazisikiliza, ndo kazi ya kwanza kabisa inayotakiwa kufanywa na yeyote mwenye sauti ya mzazi wake kwenye kaseti, inachukua sekunde.

Zilizolala miaka mingi nazizungusha kwanza mpaka mwisho na kuzirudisha, utepe ulegee, kwa sababu ukibonyeza pley moja kwa moja unaweza kushikana ukavutika. Kaseti ya dakika 90 ina utepe wa kama mita 130 ndani yake, mwembamba, upana haufiki milimita 4, na unapita kwenye hedi sentimita 4.76 kila sekunde, ndivyo ilivyo tangu Philips waitoe 1963. Zile za dakika 120 utepe wake ni mwembamba zaidi na hizo nazizungusha kwa pley ya kawaida tu, sitaki kuzikimbiza.

Moja, iliyoandikwa kwa mkono wake "asubuhi, kambi ya juu", kile kipande kidogo cha sufi kinachousukuma utepe uguse hedi kimebanduka, kwa hiyo sauti inakuja na kupotea. Kasha lake limegundishwa, halina skrubu. Nitaufungua mshono kwa kisu chembamba na kuhamishia utepe kwenye kasha lingine lenye skrubu. Hii nimeiacha mpaka mikono izoee.

Jumatano usiku, ile sauti ya A

Leo nimekaa na kaseti ya kwanza ya maana. Baba na gitaa, sebuleni, anapiga anaacha anaongea na mtu anarudi kupiga. Nimegundua kitu ambacho kimenifurahisha sana na kitasaidia mradi mzima.

Baba alikuwa na kile kichuma chenye meno mawili cha kutunia gitaa, unakigonga gotini unakibandika kwenye ubao wa gitaa kinalia noti ya A. Na karibu kila aliporekodi alianza kwa kukigonga, anaacha kilie, afu anatuni nyuzi zake taratibu bila haraka. Sisi tulivyokuwa watoto sehemu hiyo tuliiruka, tulitaka wimbo. Sasa ile A ni rula. Kichuma kile kinalia mara 440 kwa sekunde, ndiyo A iliyopendekezwa kwenye mkutano wa London wa 1939, na chuma hakibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Nimepima kwenye kompyuta nimekuta 452. Maana yake kaseti inachezwa kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, ama mota ya redio yake ilikuwa nzito siku hiyo ama betri zilikuwa zinaisha, na mimi nilikuwa nasikia sauti ya Baba ikiwa juu kidogo na haraka kidogo bila kujua kwa nini sijaridhika.

Nimepunguza kasi kwa asilimia 2.65. Ni karibu nusu ya nusu toni, wengine hawawezi kuisikia kwenye gitaa. Lakini kwenye sauti ya mtu uliyelelewa naye unaisikia. Nilivyobonyeza pley ilikuwa yeye, ule uzito wa kifuani ulirudi, nikasimama nikatembea chumbani kidogo nikakaa tena.

Utaratibu kuanzia leo: tafuta A mwanzoni mwa kila upande, pima, andika, rekebisha kwenye nakala, na faili ya asili isiguswe kamwe. Kwenye kaseti ndefu napima na mwishoni kama alituni tena, kwa sababu betri zikiisha kasi inashuka taratibu na huwezi kurekebisha upande mzima kwa namba moja.

Jumamosi, mabishano ya kelele

Hapa nataka niandike kwa urefu kwa sababu kaka na mimi hatukukubaliana na ni vizuri sababu zibaki.

Kaka alisikia faili za mwanzo akasema, safi, sasa toa ile shhhh, kata maongezi, tubaki na nyimbo, tutoe albamu nzuri ya Baba tugawane. Namwelewa. Anampenda Baba na anataka kila mtu amsikie alivyokuwa anapiga vizuri. Na programu za kutoa vumi zipo, hata ile ya bure ya Audacity inafanya, unaionyesha sekunde chache zenye vumi tupu inajifunza, afu inaliondoa kila mahali.

Shida ni kwamba vumi la kaseti limekaa juu, na huko huko juu ndiko walikokaa ndege. Nimemwekea kaka ile kaseti ya "asubuhi, kambi ya juu" (nimeshaihamisha kasha, imekubali) ambapo Baba amewasha mashine kukiwa bado giza akaiacha juu ya jiwe, na kwa muda mrefu hakuna kitu, afu ndege mmoja anaanza, mbali. Ndege wengi wadogo wanaimba kati ya hezi (mitetemo kwa sekunde) 2000 na 8000. Nikamwonyesha picha ya sauti kwenye skrini, vumi ni ukungu umejaa kote na ndege ni vistari vidogo ndani ya ukungu. Nikapitisha kutoa vumi. Ukungu ukaisha. Ndege wa mbali naye akaisha, wakabaki wa karibu tu, na sauti zao zimekuwa kama za ndani ya chupa. Afu nikamwekea gitaa lililosafishwa na lisilosafishwa, kwenye lililosafishwa ule mlio wa vidole vikiteleza kwenye nyuzi umekwenda, na pumzi ya Baba kabla ya kuanza mstari imekwenda. Programu haina kosa, imeambiwa toa vitu vidogo vya juu na imetoa vitu vidogo vya juu.

Kaka alinyamaza afu akasema turudishe ndege.

Na maongezi nayo nimekataa yasikatwe. Nyimbo zenyewe alizopiga zipo duniani, zimepigwa na wengine vizuri zaidi yake, hata yeye angesema hivyo. Kisichokuwepo popote ni ile sehemu ambayo wimbo umeisha, anasema "subiri subiri, nimeikosea hapa katikati", Mama anacheka kutoka chumba kingine, mlango unafunguka, mdogo wangu anaingia analia ameumia kidole, na unasikia gitaa likiwekwa chini. Linawekwa chini mara moja, hakumaliza hata akodi. Anamuuliza kidole gani. Anakihesabu na vingine vyote ili kuhakikisha vipo. Hiyo ukiikata umemkata yeye, umebakiza gitaa.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: kila kaseti ina faili ya asili nzima, na nakala iliyorekebishwa kasi tu. Anayetaka kutengeneza orodha ya nyimbo kwa ajili ya kusikiliza kwenye gari achukue nakala afanye yake, hiyo ni ya kwake siyo ya familia.

Jumatatu, sauti inayotangulia

Kitu kifupi lakini nakiandika kwa sababu mdogo wangu aliogopa alipokisikia. Kwenye baadhi ya kaseti, sekunde moja unusu au mbili hivi kabla Baba hajaongea, unasikia kwa mbali sana yeye huyo huyo akisema neno hilo hilo. Siyo kosa letu na siyo mwangwi wa chumba. Utepe umejiviringisha kwa miaka na sumaku ya mzunguko mmoja imeuambukiza mzunguko wa jirani, kwa hiyo sehemu ya kimya imeokota kivuli cha neno linalofuata. Inasikika zaidi pale ambapo kimya kinafuatiwa na sauti ya nguvu. Kuzungusha utepe kwenda na kurudi kabla ya kurekodi kunapunguza kidogo. Iliyobaki naiacha. Mdogo wangu baada ya kuelezwa amesema anaipenda, kwa sababu anajua Baba yuko njiani.

Alhamisi, daftari

Kaseti zinaenda zenyewe sa hivi, nazicheza jioni huku nafanya daftari, na daftari ndo zimenishangaza.

Baba aliandika kila safari kwa mpangilio ule ule: njia, umbali, mita za kupanda, saa ya kutoka, saa ya kufika, hali ya hewa, nani alikuwepo, na mstari mmoja wa mwisho wa chochote. Pembeni kwenye ukurasa wa ndani wa kila daftari ameandika "5 / 600". Sikujua ni nini mpaka nilipoona anavyoitumia. Ni kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskochi, ya mwaka 1892: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Yeye Naismith alitumia maili na futi, hizi ndo namba zinazotumika kwa kilomita.

Nikachukua njia moja aliyoipenda, anairudia mwaka baada ya mwaka. Ramani ni ya moja kwa 50,000, sentimita mbili ni kilomita moja. Nimepima kwa uzi kufuata kona zote, sentimita 24, kwa hiyo kilomita 12. Mistari ya mwinuko anayoipanda ni 30, kila mmoja mita 20, jumla mita 600. Kwa kanuni ni saa 2 dakika 24 za umbali na saa moja ya kupanda, saa 3 na dakika 24. Daftari la kwanza, kabla hajaoa, ameandika saa 3 na dakika 20. Alikuwa na miguu kweli kweli.

Daftari linalofuata, Mama yupo kwenye orodha ya waliokuwepo, njia ile ile saa 4. Mstari wa mwisho: "Tumekaa juu kwa muda mrefu."

Afu kaka anaonekana kwenye orodha. Saa 5 na nusu. Afu mimi. Saa 6. Afu sote watatu, na ule mwaka ambao mdogo wangu alikuwa ameanza kukataa kubebwa, njia ile ile, kilomita 12 zile zile, saa 7 na dakika 10. Mstari wa mwisho: "Anatembea mwenyewe. Tumeimba kuanzia mto mpaka juu."

Nilikaa na ukurasa huo. Mtu ambaye aliweza kufika kwa saa tatu na kitu, na aliyejali muda kiasi cha kuuandika kwa dakika, aliamua miaka mingi kutembea kwa saa saba. Na hakuna mahali hata pamoja ameandika kuchelewa. Nimetafuta neno hilo daftari zote. Ameandika mvua, ameandika matope, ameandika kiatu kimefunguka soli, ameandika tumesahau kiberiti, kuchelewa hajaandika.

Afu namba zinaanza kushuka tena, sisi tunakua, saa 5, saa 4 na nusu, mpaka unafika mwaka ambao kaka ameandikwa "ametangulia". Na mwishoni kabisa zinapanda tena, safari hii kwa sababu ya magoti yake, na kwenye orodha yuko na mjukuu wa kwanza, na kasi yao inalingana vizuri.

Nimeziingiza zote kwenye jedwali. Nitachora grafu ya njia hiyo moja tu, mwaka kwa saa. Sioni picha nyingine inayomweleza Baba kama mzazi zaidi ya ule mstari unaopanda na kushuka na kupanda.

Skani za daftari nafanya kurasa zote, hata tupu, kwa mpangilio, kwa rangi, manake kalamu ya risasi ikipigwa nyeusi na nyeupe sehemu nyingine zinapotea. Na pale wino ulipoloa ukasambaa naacha ulivyo, ni mvua ile ile aliyoiandika.

Jumamosi, radi

Kaseti na daftari vimekutana leo. Kuna kaseti ndani ya hema, mvua inapiga turubai kiasi kwamba mwanzoni nilidhani mashine imeharibika. Daftari limenipa siku na mahali: "Mvua kubwa jioni. Watoto wameogopa, tumepima radi."

Na kweli kwenye kaseti unamsikia anasema "haya, hesabuni!" kila mwanga unapopiga, sisi hatuonekani lakini sauti zetu zipo, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, afu ngurumo. Anauliza, sita gawanya kwa tatu? Kaka anajibu kwa kelele, mbili! Kilomita mbili. Sauti inatembea kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita moja ni karibu sekunde tatu, na mwanga unafika papo hapo. Inayofuata tunahesabu mpaka tisa. Kilomita tatu. Baba anasema, "mnaona, inaondoka." Na unasikia kabisa hofu inavyotutoka, sauti zetu zinabadilika, inayofuata mdogo wangu anahesabu kwa nguvu kuliko sote ingawa anaruka namba.

Nimepima sekunde hizo kwenye kompyuta baada ya kurekebisha kasi. Sisi watoto tulikuwa tunahesabu haraka, sita yetu ilikuwa sekunde nne na nusu. Radi ilikuwa kilomita moja na nusu, siyo mbili. Na nina hakika Baba alijua, kwa sababu saa ilikuwa mkononi kwake na mtu huyu aliandika dakika. Alituacha tuhesabu tunavyohesabu. Lakini baadaye, baada ya ngurumo ya mwisho, kaka anaomba kutoka nje na Baba anasema hapana, bado, nusu saa kwanza. Ndivyo inavyoshauriwa mpaka leo, dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Na ile nusu saa ndo anatoa kinanda cha mdomo, na upande wa pili wote wa kaseti ni hiyo nusu saa.

Jumanne, picha

Hapa napita haraka. Picha zilizochapwa naskani kwa nukta 600 kwa inchi, ya sentimita 10 kwa 15 inatoa kama pikseli 2400 kwa 3500, inatosha kuchapa kubwa zaidi ya asili. Penye negativu naanza na negativu, ina vitu ambavyo dukani hawakuvitoa kwenye karatasi, hasa mawingu. Glavu za pamba, kipulizo cha mkono cha vumbi, hakuna kufuta na shati.

Namba zilizo pembeni ya negativu msizidharau. Zimenisaidia kupanga picha kwa mfuatano wa kweli, na nikizilinganisha na daftari najua picha ni ya safari ipi. Albamu ya nyumbani ilikuwa imechanganya miaka mitatu kwenye ukurasa mmoja.

Baba mwenyewe haonekani sana, kwa sababu kamera alikuwa nayo yeye. Yupo zaidi kwenye zile zilizopigwa na sisi, zimeinama, vichwa vimekatwa, na hizo ndizo hazikuwahi kuingia kwenye albamu. Nimeziweka za kwanza kwenye folda.

Jumapili, Mama

Nimekaa na Mama, simu imewekwa mezani inarekodi, ameruhusu. Sikumuuliza "Baba alikuwa mtu wa namna gani," manake swali hilo linajibiwa kwa maneno ya mazishi. Nilimwekea kaseti nikakaa kimya. Baada ya dakika chache alianza mwenyewe.

Ametaja sauti ambazo mimi sikuzitambua, majirani, shangazi, rafiki wa Baba wa kupanda naye. Nimeandika dakika na sekunde kwa kila jina. Hii ndo sehemu ya mradi ambayo haina nakala ya akiba, kama Mama hakuitaja leo hakuna kompyuta itakayoitaja kesho, kwa hiyo kuanzia wiki hii nimeipa kipaumbele kuliko kaseti zenyewe.

Akaniambia na jambo ambalo sikulijua. Kuna kipindi kwenye daftari na kaseti zote hakuna kitu, karibu mwaka mzima, na mimi nilidhani zimepotea. Mama amesema hazijapotea. Babu alifariki, na Baba aliacha gitaa na akaacha milima vyote kwa pamoja. Hakusema kitu, aliacha tu, gitaa likakaa ukutani. "Mimi sikumsukuma, mwanangu. Nilimwona siku moja anaushika uzi mmoja anauachia, hakuupiga, nikajua atarudi, ila sikusema." Safari ya kwanza baada ya hapo kwenye daftari ni fupi sana, kilomita 3, hakuna mwinuko, na kwenye orodha yuko Mama peke yake.

Nimeuliza kama hilo liwekwe kwenye mkusanyiko, kwa sababu ni la ndani. Amesema liwekwe, wajukuu wajue kwamba Babu yao, yaani Baba, alinyamaza na baadaye akaimba tena.

Ijumaa, faili na nakala

Kwa wanaouliza ukubwa. Nimerekodi kwa biti 24 na hezi 48,000 (yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde), faili za WAV zisizobanwa, saa moja ya stirio ni kama GB 1. Wapo wanaokwenda mpaka 96,000, inafika GB 2 kwa saa, na kwa santuri nitafanya hivyo, lakini kaseti hizi zimerekodiwa kwa maiki ndogo ya ndani ya redio na 48,000 inazibeba zote bila kupoteza. Za kugawana natumia FLAC, inapunguza ukubwa bila kuchukua kitu kwenye sauti. MP3 kwa ajili ya simu tu.

Majina ya faili yanaanza na mwaka, mwezi, siku, afu mahali, afu upande wa kaseti, ili yajipange yenyewe. Usiojulikana mwaka unawekwa sifuri, hatubahatishi. Kila faili ina maandishi yake ya kawaida kando, nani anaongea dakika gani, kasi ilirekebishwa kwa kiasi gani, ukurasa gani wa daftari unahusika. Maandishi ya kawaida, siyo ya programu fulani, kwa sababu programu zinakufa.

Nakala ni tatu, kwenye aina mbili za vifaa, na moja iko nyumba nyingine kabisa. Diski ngumu moja kwa Mama, moja kwa kaka, na ya tatu iko mtandaoni, nywila tunayo watatu. Kila mwaka mmoja wetu anafungua faili zote kuhakikisha zinafunguka, zamu ya kwanza ni ya mdogo wangu.

Jumamosi, tulipofika

Kaseti alizorekodi mwenyewe zimekwisha, zote zimesikilizwa. Mbili zilizoandikwa "tupu" hazikuwa tupu, moja ina mazoezi ya wimbo ule ule mara nyingi mfululizo, na nyingine ina Mama anaimba, peke yake, hakujua kuwa mashine imewashwa. Ameshasikilizishwa. Ameruhusu, kwa sharti kwamba isipigwe mbele ya wageni.

Kilichobaki: zile alizonasa kwenye redio, nazisikiliza kwa ajili ya sauti yake kati ya nyimbo, huwa anataja tarehe. Santuri bado kabisa, nasubiri sindano mpya ya pleya, haziguswi na ile ya zamani. Ramani zinahitaji skana kubwa, kaka anatafuta ofisi ya kuchapa yenye nayo. Gitaa limeenda kwa fundi kwa ajili ya uzi wa tano na daraja lililoinuka, nimemwambia asipige vanishi juu ya ule mkwaruzo wa mkono wa kulia.

Na ile njia ya kilomita 12 nimeichora kutoka kwenye ramani na kuiweka kwenye simu zenu nyote. Watoto wa kaka wanataka kuipanda wakati wa likizo. Mdogo kati yao ana miaka minne, kwa hiyo tumepanga saa saba, tutoke alfajiri, na kila mtu abebe tochi yake.